Mvuke Haununuliwi, Upepo Haununuliwi: Mbona Tokeni Ni Ghali?

Jirani yangu hapa Kisauni hupika chapati na maharagwe ya kuuza jioni. Majuzi aliniita nimsomee ujumbe wa simu. Alikuwa amenunua tokeni za stima za shilingi 500, na uniti zilizoingia zilikuwa chache kuliko alizopata mwezi uliotangulia kwa pesa zile zile. "Mwanangu," akaniuliza, "si twaambiwa stima ya Kenya ni ya mvuke na upepo? Sasa huo mvuke wanunuliwa kwa nani?"

Nilimwahidi jibu, na makala haya ndiyo jibu lenyewe. Swali lake linaulizwa kwenye matatu, vinyozini na bungeni, na mara nyingi hujibiwa kwa njia mbili tu. Wengine husema kawi safi ndiyo inayotutia gharama, heri turudi kwenye mafuta. Wengine husema ni wizi mtupu. Majibu yote mawili yanaruka mahali ambapo pesa zetu hasa zinaenda, nako ni kwenye mikataba na sheria iliyoizaa.

Tuanze na maneno. Uniti moja ya stima ni kilowati-saa moja. Pasi ya wati 1,000 ukiitumia saa nzima bila kuizima, umemaliza uniti moja. Balbu ya wati 10 itahitaji saa 100 kuimaliza uniti hiyo hiyo. Megawati moja ni nguvu ya kuwasha pasi 1,000 za aina hiyo kwa wakati mmoja. Katika mwaka wa 2025, Kenya nzima ilipowasha taa, televisheni na majiko yake saa za jioni, mahitaji yalipita megawati 2,300.

Kawi safi kwetu ni mvuke wa chini ya ardhi unaochimbwa Olkaria karibu na Naivasha, maji ya mabwawa ya Mto Tana, upepo, na jua. Kwa jumla hutoa karibu uniti 90 katika kila uniti 100 zinazozalishwa nchini, na mvuke peke yake hutoa takriban 40. Nchi chache duniani zinaweza kusema hivyo. Hatukuanza jana pia: bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, na mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981.

Kati ya Olkaria na soketi ya jirani yangu kuna mikono mingi. Kuna wanaozalisha: KenGen, ambayo serikali ina hisa nyingi ndani yake, na kampuni za watu binafsi. Kuna KETRACO, shirika la serikali linalojenga njia kubwa za kusafirisha umeme. Kuna Kenya Power, inayonunua umeme kwa jumla na kutuuzia kwa rejareja. Juu yao yuko mdhibiti, EPRA, ambaye hupitisha au kukataa bei. Wote hao hufanya kazi chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, iliyoanza kutumika Machi mwaka huo. Kwa hiyo anayedhani Kenya Power huamka asubuhi na kujipangia bei amekosea. Kampuni huomba, EPRA hukagua na kuita maoni ya wananchi, kisha bei ya msingi hupitishwa kwa kipindi cha miaka mitatu.

Ng'ombe wa mkopo

Nilimweleza jirani yangu hivi. Unataka maziwa ya chai kila siku. Una njia mbili. Ya kwanza, nenda dukani ununue pakiti. Siku ya leo hukutoa pesa nyingi, lakini bei ikipanda huna la kufanya, na kila siku utalipa. Ya pili, chukua mkopo ununue ng'ombe wa gredi. Maziwa yenyewe hayatakugharimu kitu ila majani. Mkopo, lakini, utaulipa kila mwezi, unywe maziwa usinywe.

Mitambo ya dizeli, kama ile ya Kipevu tunayoiona tukivuka Makupa, ni maziwa ya pakiti. Kuijenga ni rahisi, kuilisha ndiyo kazi, na mafuta yake hutoka nje ya nchi. Olkaria ni ng'ombe. Kisima kimoja cha mvuke huchimbwa kwenda chini kilomita mbili hadi tatu, kwa mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kikavu. Mvuke ukishapatikana haununuliwi, lakini deni la kuchimba lipo. Upepo na jua ni vivyo hivyo: karibu gharama yote hulipwa kabla ya uniti ya kwanza kutoka.

Hapo ndipo maneno "kawi safi ni bure" yanapowapotosha watu. Kilicho bure ni majani. Na maneno "kawi safi ni ghali" yanapotosha vilevile, kwa kuwa ng'ombe akishalipiwa deni, hakuna maziwa ya bei nafuu kuliko yake. Mabwawa ya Mto Tana ni ng'ombe wazee waliokwisha lipiwa zamani, na hadi leo ndio wanaotupunguzia makali ya bei.

Sasa, mwenye benki hakopeshi mtu ng'ombe bila kujua nani atayanunua maziwa. Hilo ndilo tatizo ambalo serikali ililikuta mwaka 2008 ilipotoa sera ya kwanza ya bei maalumu kwa kawi jadidifu, yaani kawi isiyokwisha kama jua, maji na upepo. Sera ile iliwaambia wawekezaji: jengeni, tutawanunulia kila uniti kwa bei iliyopangwa, kwa miaka mingi. Mkataba wa kununua umeme huwa wa miaka 20 au 25. Ndani yake mara nyingi kuna kipengele cha kulipa hata usipotumia: mradi mtambo uko tayari kuzalisha, mnunuzi analipa.

Watu wengi hukichukia kipengele hiki, nami naielewa hasira yao. Lakini bila ahadi ya aina fulani hakuna ambaye angezika mamilioni ya dola katika jangwa la Marsabit. Kosa ni kutouliza, kabla ya kutia sahihi, ni nani atakayebeba hasara mambo yakienda kombo. Kwetu jibu limekuwa yule yule kila mara: mwenye mita.

Upepo wa Turkana

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Loiyangalani, Marsabit. Una mitambo 365 ya upepo, na uwezo wake ni megawati 310. Mwekezaji alijenga mitambo. Serikali iliahidi kujenga njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, umbali wa zaidi ya kilomita 400. Kufikia 2017 mitambo ilikuwa imesimama tayari, lakini kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi ya njia ilikuwa imefilisika. Umeme wa kwanza ulifika kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme za taifa, mwishoni mwa Septemba 2018.

Ng'ombe alikuwa zizini, tayari kukamwa, na barabara ya kuleta maziwa mjini haikuwepo. Mkataba ulisema maziwa yalipwe. Fidia ilifika mabilioni ya shilingi, na sehemu yake ikatandazwa ndani ya bei ya umeme wa mradi huo kwa miaka sita. Yaani mama wa chapati aliulipia upepo uliovuma na kupita, bila balbu yake hata moja kuwaka.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linasahaulika: upepo haukuwa na kosa. Mradi ulipounganishwa ulianza kutoa zaidi ya uniti 10 katika kila 100 za taifa. Kilichotugharimu ni mpangilio wa sahihi, ambapo upande mmoja ulijenga kwa wakati na upande wa pili ukachelewa.

Shida hiyo ya njia iko pia upande wa magharibi ya nchi. Kwa miaka mingi mtambo wa Muhoroni, unaochoma mafuta na ambao umeme wake ni miongoni mwa ghali zaidi, umekuwa ukiwashwa kwa sababu nyaya za kupeleka umeme wa Olkaria huko zilikuwa dhaifu. Unaweza kuwa na mvuke wa kutosha Naivasha na bado ukachoma mafuta Muhoroni.

Deni la dola

Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliteua kikosi kazi kuichunguza mikataba hii, kikiongozwa na John Ngumi. Ripoti ilipotoka Septemba mwaka huo, takwimu moja iliwashtua wengi: KenGen ilikuwa inatoa asilimia 72 ya umeme ulionunuliwa na kupata asilimia 48 ya malipo, huku wazalishaji binafsi wakitoa asilimia 25 na kupata asilimia 47.

Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu. Sehemu yake ni ng'ombe wazee dhidi ya ng'ombe wapya: KenGen ina mabwawa yaliyokwisha lipiwa. Sehemu yake ni kwamba kati ya wazalishaji binafsi walikuwemo wa dizeli, wanaolipwa wakae tayari hata wasipowasha mashine. Na sehemu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba tulikubali bei mbaya, tena bila kushindanisha watu. Sera mpya ya 2021 ilikusudia kurekebisha hilo: miradi ya jua na upepo ipatikane kwa mnada, anayetoa bei ndogo ndiye ashinde, na ile bei maalumu ibaki kwa miradi midogo ya maji na ya mabaki ya mimea.

Kikosi kilipendekeza bei ishuke kutoka wastani wa shilingi 24 kwa uniti hadi 16. Januari 2022 ikashuka kwa asilimia 15. Sehemu ya pili ya punguzo haikuja, kwa kuwa mikataba haikufunguliwa kirahisi, na Aprili 2023 bei ikapanda tena. Hapa nijibu wale wanaosema "vunjeni mikataba yote kesho". Mkataba uliosainiwa na serikali hulindwa na mahakama za usuluhishi za nje, na fidia yake ingerudi kwetu ikiwa kubwa kuliko bili ya sasa. Kujadiliana upya kunawezekana. Kuchana karatasi hakufuti deni.

Kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye mabango. Mikataba mingi hulipwa kwa dola au yuro. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikarudi karibu 129. Katika kipindi hicho Olkaria ilikuwa ile ile na upepo ule ule, ila deni lilivimba kisha likapungua. Ni sawa na kuchukua mkopo wa ng'ombe kwa sarafu ya nchi nyingine huku wateja wako wakilipa kwa shilingi.

Ndani ya tokeni ya 500

Tokeni huanza na bei ya msingi, ile ya miaka mitatu. Juu yake huja malipo ya mafuta, ambayo miaka ya karibuni mara nyingi yamekuwa kati ya shilingi 3 na 4 kwa uniti. Kisha marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni, ile dola niliyoitaja. Halafu marekebisho ya mfumuko wa bei, senti chache za mdhibiti na za mamlaka ya maji, asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini, na ushuru wa VAT wa asilimia 16. Mafuta na dola hubadilika mwezi kwa mwezi na hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyomfanya jirani yangu apate uniti tofauti kwa pesa sawa.

Mvua nayo imo. Ukame ukiingia, maji ya Masinga, bwawa la Mto Tana, yakishuka, umeme wake hupungua na dizeli huwashwa badala yake. Malipo ya mafuta hupanda, na sisi wa Kisauni tunaulipia ukame wa Mlima Kenya.

Sababu ya pili ni kundi. Wateja wa nyumbani wamegawanywa kwa matumizi: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Kundi la kwanza hulipa bei ya chini, karibu shilingi 12 za msingi kwa uniti; hiyo ni bei ya kumlinda asiye na uwezo. Hadi Machi 2023 ulinzi huo ulifika uniti 100. Tangu Aprili mwaka huo umekatwa hadi 30, na mamilioni ya nyumba zilizokuwa zimelindwa zikajikuta nje. Kati ya yote yaliyobadilika, hili ndilo lililoniuma zaidi. Nyumba yenye friji ndogo, televisheni na taa tatu hupita uniti 30 bila anasa yoyote, na ukivuka mstari, uniti zako zote huhesabiwa kwa bei ya kundi jipya.

Wapo wanaofundishana kununua tokeni za shilingi 50 au 100 mara nyingi ili wabaki kundi la chini. Haisaidii. Kundi hupangwa kwa wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu, hata ukinunua kidogo kidogo. Kinachosaidia ni kupunguza matumizi yenyewe, miezi mitatu mfululizo.

Ulinzi wa wanyonge una gharama: anayelipa kidogo hufidiwa na anayelipa zaidi. Ukiupanua sana, viwanda na hoteli huona bei kubwa na kuweka sola zao wenyewe, wakiondoka na pesa zilizokuwa zinawabeba wadogo. Hilo limeshaanza. Sheria ya 2019 inamruhusu mtu aliye na sola juu ya paa kuingiza ziada yake kwenye gridi, na kanuni za 2024 zinasema kila uniti anayotoa atarudishiwa nusu uniti kama mkopo, bila pesa taslimu. Wengi wamelalamika kwamba nusu ni kidogo. Mimi naona ina mantiki: gridi anayoitegemea usiku lazima ilipiwe na mtu, na wasio na paa la kuweka sola, wapangaji wa Kisauni na Kibera, wasiachiwe mzigo wote.

Kisha kuna maziwa yanayomwagika njiani. Zaidi ya uniti moja katika kila tano ambazo Kenya Power hununua hupotea kabla ya kuuzwa, kwa nyaya chakavu na kwa watu kujiunganishia. EPRA huruhusu sehemu tu ya upotevu huo iingizwe kwenye bei, nayo ni sehemu kubwa.

Saa moja jioni

Kama kuna kitu kimoja ambacho ningependa kila Mkenya akijue kuhusu kawi safi, ni tofauti ya saa. Saa moja hadi saa tatu usiku nchi nzima iko jikoni na mbele ya televisheni. Jua limezama, sola imelala. Hapo mvuke, maji, upepo ukiwepo, umeme wa Ethiopia tulioanza kuununua mwaka 2022, na dizeli ya Kipevu vyote huhitajika. Saa nane za usiku mahitaji yameporomoka hadi karibu nusu. Upepo wa Turkana ndio unavuma, mkataba unadai ulipwe, na Olkaria hulazimika kupunguza uzalishaji na kuuachia mvuke angani. Maziwa yamekamwa, wanywaji wamelala.

Mwaka 2021 Kenya iliahidi kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow kufikia asilimia 100 ya kawi safi mwaka 2030. Asilimia hizi 10 zilizobaki ndizo ngumu kuliko 90 za kwanza, kwa kuwa ndizo za jioni. Haziondolewi kwa kuongeza paneli za mchana. Zinahitaji betri, mabwawa, mvuke zaidi, na nyaya.

Kuogopa mikataba mibaya nako kumekuwa na bei yake. Serikali na Bunge walizuia mikataba mipya kwa miaka kadhaa, mahitaji yakaendelea kukua, na Novemba 2024 Rais William Ruto alikiri kwamba baadhi ya maeneo yalikuwa yanakatiwa umeme kwa zamu kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Mwishoni mwa 2025 Bunge la Kitaifa liliondoa zuio hilo. Kalamu zimerudi mezani.

Bei zilizoanza Aprili 2023 ziliwekewa muda hadi Juni 2026. Kabla ya bei mpya, ombi huchapishwa na wananchi huitwa kwenye vikao. Ukifika huko, lete maswali ya mkopo wa ng'ombe. Mkataba huu unalipwa kwa sarafu gani? Njia ya umeme ikichelewa, nani analipa? Ulipatikana kwa mnada au kwa mazungumzo? Uniti 30 za mnyonge zilihesabiwa kwa vifaa vipi vya nyumbani?

Jirani yangu alinisikiliza hadi mwisho huku akikanda unga. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Na huo mvuke wa saa nane za usiku unaomwagwa, mimi nikikanda na kupika saa hizo kwa jiko la stima, nitapunguziwa?"

Nikamwambia, bado, Mama. Viwanda vina punguzo la usiku tangu 2017, na magari ya umeme yalipewa bei ya usiku mwaka 2023, karibu nusu ya ile ya mchana. Mita ya nyumbani huhesabu bei ile ile usiku na mchana.

"Basi hilo," akasema, "ndilo nitakalowauliza."